Wamongoli Hawaji

Saa mbili asubuhi, Avlabari, Tbilisi.
Nahesabu vichwa: kumi na saba, na Arusyak.
Yeye namhesabu peke yake.
Kiti chake kiko nyuma kabisa, juu ya gurudumu,
ambako kila shimo la barabara linakusalimu kwa jina,
kwa hiyo bosi wangu humtoza nusu.

Mwezi wa tano, wa sita, wa saba:
safari ileile, koti lilelile la kijivu,
mfuko wenye mtungi wa achari ya matango.
Hajawahi kuuliza swali lolote kuhusu makanisa.

Sadakhlo. Tunashuka, tunaburuta miguu forodhani,
malori ya matikiti yanakoroma nyuma yetu.
Askari anatazama picha, anatazama uso,
anagonga muhuri kama mtu anayeua nzi.
Ng'ambo nashika maikrofoni:
saa ni ileile, pesa nyingine, alfabeti nyingine,
na zote mbili zimejaa herufi zilizopinda kama ndoana.

Haghpat. Hapa ndipo ninapopatia mkate wangu.
Nawaonyesha makaburi sakafuni,
mawe yamelainika kama sabuni iliyotumika.
"Kanyageni," nawaambia. "Waliolala humu
waliomba wakanyagwe."
Wajerumani wawili wanarukaruka, wanakwepa kila jiwe.
Kisha chumba cha vitabu, na midomo ya mitungi iliyozikwa:
wengine husema mafuta, wengine divai,
mimi husema chochote kinachokaribiana na saa ya chakula.

Kwa kidole nawaonyesha Sanahin, ng'ambo ya bonde.
Watu wa huku hupenda kusimulia kwamba jina hilo
ni kama kusema: huyu ni mkubwa kuliko yule.
Kila safari watalii wanacheka.
Kila safari, kutoka nyuma, sauti ya Arusyak:
"Kwa miaka minne tu."

Nilidhani anawayawaya, utu uzima.

Alaverdi. Bomba la kiwanda cha shaba
limesimama mlimani, limeacha kuvuta.
Kwenye mkahawa, chini ya turubai,
Zmrukht ameshakaa, mkate umefungwa kitambaani.
Ana mume kitandani asiyeachika hata usiku mmoja.
Arusyak ana goti lisilopanda ghorofa ya tano.
Basi dada hawa wanakutana
ndani ya safari ya watu wengine.

Hawakumbatiani. Wanaanza kugombana papo hapo:
achari imezidi chumvi,
mkate umekauka,
nani alivunja sinia la mama mwaka wa sabini na moja.
Huku wanagombana, mkubwa anamfunga mdogo skafu vizuri
asipigwe na upepo. Mdogo ana miaka sabini na sita.

Ratiba inasema dakika arobaini.
Mara ya kwanza niliwaita kwa wakati,
nikaona Zmrukht anavyofunga kifuniko cha mtungi:
polepole, akakilegeza nusu mzunguko,
akafunga tena.

Tangu siku hiyo, kule Haghpat, nakata.
Nakata karne ya kumi na tatu nzima.
Wamongoli hawaji.
Hakuna kijiji kinachoungua,
hakuna mtawa anayekimbiza vitabu pangoni usiku.
Kutoka karne ya kumi na mbili naruka
moja kwa moja hadi kwenye supu.

Jana Mpolandi mmoja, mwenye daftari na kalamu tatu,
alinifuata na bakuli lake mkononi.
"Samahani. Umeruka miaka mia?"
Nikatazama meza ile.
"Mia hapana," nikamwambia. "Ishirini. Dakika."
Akaandika.

Jioni, mpakani, afisa anafungua ule mfuko.
Mtungi ni uleule; ndani sasa
jamu ya jozi mbichi, nyeusi kama lami.
"Zawadi?" anauliza.
"Deni," anasema Arusyak,
na anaurudisha mapajani, juu ya gurudumu.